Kichupa cha Bi Hakika

Kazi yake ilikuwa kutengeneza wapelelezi. Si wale wa kuvaa miwani myeusi na kujifanya wanasoma gazeti, hapana. Wa kwake ukiwapanga milioni moja kwenye ncha ya sindano, nafasi bado ipo. Alikuwa mkemia, na kutwa nzima alisimama kwenye meza ndefu ya maabara akiunga chembe kwa chembe, mpaka apate rangi inayoweza kuingia ndani ya seli iliyo hai bila kuiua, ishike kitu kimoja tu humo ndani na kukiangaza, ili aliyekaa kwenye hadubini akione. Majina ya vitabuni ya rangi hizo ni marefu kuliko treni ya mizigo, kwa hiyo pale kazini kila mtu alisema "mpelelezi" na maisha yakaendelea.

Mpelelezi aliyemlia miaka kumi na mmoja alikuwa na sehemu tatu. Kulikuwa na taa, kipande kinachong'aa kikipigwa mwanga. Kulikuwa na mkono, kipande kinachojua kushika mitokondria, vile vinyuzi vinavyoipa seli nguvu, na hakigusi kingine. Katikati kulikuwa na shingo, inayofunga taa kwenye mkono. Shingo ndiyo ilikuwa udhaifu wake. Ikikaa na maji siku kadhaa hukatika, na ikishakatika taa huzurura ndani ya seli kama mtu asiye na kwao, inang'aa kila mahali, na anayetazama haoni nyuzi bali ukungu mtupu. Ndiyo maana mpelelezi huyo alihifadhiwa ndani ya kimiminika kisicho na tone la maji, kwenye vichupa vya kahawia vilivyozungushiwa foili, ndani ya friza.

Mwenyewe pale kazini walimwita Bi Hakika. Usidhani alikuwa na hakika na lolote. Walimwita hivyo kwa kuwa kila ulichomwambia alikujibu, "Una hakika?" Umwambie nje mvua inanyesha, una hakika? Umwambie leo Jumanne, una hakika? Mumewe, fundi wa kushona viti vya magari na mtu wa maneno mengi, alipenda kuwasimulia wageni siku alipomwomba wafunge ndoa. "Akaniuliza kama nina hakika," alisema. "Nikamwambia ninayo. Akauliza tena, nikamwambia ninayo. Alipouliza mara ya tatu nikaona imeanza kupungua." Wageni walicheka, na Bi Hakika naye alicheka, ila moyoni hakusahau kwamba mume alikuwa amesema imepungua.

Tusimwonee, tabia ile hakuzaliwa nayo. Alipokuwa na miaka ishirini na minne alitengeneza mpelelezi wake wa kwanza, akamtia kwenye seli, na seli zikawaka kijani kibichi cha kupendeza. Mwalimu wake alimpongeza mbele ya darasa. Akampigia mama yake simu, mama akawatangazia majirani. Wiki mbili baadaye mwanafunzi mwenzake akaweka kwenye hadubini kisahani kitupu, hakina seli, hakina rangi, na kisahani nacho kikawaka kijani kilekile. Kumbe iliyokuwa inang'aa ni plastiki. Aibu ile ilimkaa kifuani kama kipande cha muhogo kilichokwama, na tangu siku hiyo kila kinachong'aa alikiona ni mshitakiwa mpaka kijitetee.

Kwa kazi ile, kushuku ni mtaji. Ubaya wake ni kwamba alipovua koti jeupe jioni na kulitundika, tabia hakuitundika. Alimshuku muuza mkate, alimshuku fundi bomba, aliishuku hata saa ya ukutani. "Mke wangu," mumewe alisema, "hata chumvi anaidai kitambulisho."

Mtu pekee ambaye Bi Hakika hakumshuku alikuwa mtunza hadubini. Huyu walimwita Mzee Giza, kwa sababu kwa miaka ishirini na sita alikuwa amekaa kwenye chumba kisicho na dirisha, nyuma ya pazia jeusi, kiyoyozi kikivuma na yeye amevaa sweta la kahawia lililochakaa viwikoni. Mashine ilitaka baridi, mzee alitaka joto, na wakubwa waliisikiliza mashine. Alibakiza miezi kumi na mmoja astaafu. Alikuwa mpole mpaka anaudhi. Mlango wake hakuufunga, droo zake hazikuwa na kufuli, kikombe chake cha chai alikiacha popote, na asubuhi akiweka kisahani cha seli chini ya lenzi aliziamkia, "Hamjambo, wanangu?" Kila alichokifanya alikiandika kwenye daftari la hadubini kwa wino wa bluu: tarehe, saa, rangi ya nani, mwanga wa leza asilimia ngapi.

Walikuwa wameshirikiana miaka yote kumi na mmoja, yeye akitengeneza, mzee akitazama. Yeye alimwita kaka, mzee alimwita dada. Mzee akimwambia nyuzi zimeonekana, Bi Hakika hakuuliza swali lake. Wenzake waliona hiyo ndiyo heshima kubwa kuliko zote anazoweza kumpa binadamu.

Sasa sikiliza jinsi mambo yalivyoharibika, maana yalianza na kitu cha kipuuzi.

Asubuhi moja alifungua friza ya kwenye ujia atoe kichupa, akakuta kimoja kimezungushiwa foili upande unaometa ukiwa nje. Yeye alizungusha kila mara upande uliofifia ukiwa nje, miaka kumi na mmoja, bila kukosea. Akasimama pale mlango wa friza ukiwa wazi, mvuke wa baridi ukimtambaa miguuni. Akaenda kwenye chumba cha hadubini.

"Kaka, nani kagusa vichupa vyangu?"

"Mbona sijui, dada. Kwani kuna kilichovunjika?"

"Foili imebadilishwa."

Mzee akafikiri kidogo. "Basi labda ni mimi. Nadhani juzi kuna moja ilikuwa imechanika nikaweka nyingine. Sikumbuki vizuri."

Angesema ndiyo, yangekwisha. Angesema hapana, pengine yangekwisha pia. Lakini "labda" na "nadhani" na "sikumbuki" kumwambia Bi Hakika ni kumwaga petroli kwenye jiko. Alirudi mezani pake hatulii. Mtu akikumbuka asilimia ya leza ya miaka mitatu iliyopita, akasahau foili ya juzi? Tena akakumbuka kwamba wiki iliyopita alimwona mzee kwenye ngazi akicheka na mkemia wa ghorofa ya chini, bwana mmoja mwenye ndevu za kuchongwa, ambaye naye alikuwa anatengeneza mpelelezi wa mitokondria. Walicheka nini? Na kwa nini alipopita yeye walinyamaza? Ukweli ni kwamba walinyamaza ili wamwamkie, na walimwamkia, naye aliitikia. Hilo hakulikumbuka.

Mwisho wa mwezi uliofuata daktari wa moyo kutoka hospitali kubwa alikuwa aje kumwona mpelelezi akifanya kazi. Nyuzi zikionekana wazi, rangi ile ingeanza kutumika kuchunguza seli za wagonjwa wake. Zisipoonekana, angekwenda kwa mwenye ndevu. Bi Hakika akajiambia, kikulacho ki nguoni mwako, akaamua kulinda mali yake.

Hapo ndipo alipofanya kitu ambacho angemfukuza mwanafunzi yeyote kwa kukifanya. Rangi ile ilikuwa imegawanywa kwenye vichupa ishirini vidogo, ili kila siku ya kazi kifunguliwe kimoja, kiishe, na vingine vibaki havijaguswa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeweka utaratibu huo na kuubandika ukutani. Lakini vichupa ishirini utavilindaje? Kimoja ni rahisi. Akavikusanya vyote, akavimimina kwenye kichupa kimoja kikubwa cha kahawia, akakificha nyuma ya friza chini ya mfuko wa barafu.

Kisha akaanza kukipima. Kioo cha kahawia hakionyeshi kilichomo, kwa hiyo alitafuta kijiti chembamba cha kioo, akakichora vimistari, na kila asubuhi kabla wenzake hawajafika alikitoa kichupa, akakipasha kwa viganja mpaka barafu iyeyuke, akakifungua na kuchovya kijiti kama dereva anayepima oili ya injini. Alipopata kimo akakiandika kwenye kijitabu chake cha jalada jekundu pamoja na saa. Siku ya kwanza, mstari wa sita. Siku ya nne, mstari wa sita na ushee. Siku ya saba, karibu na wa saba.

Rangi ilikuwa inapanda.

Soma tena hapo. Haikuwa inapungua, kama angekuwepo mwizi. Ilikuwa inaongezeka, licha ya kwamba yeye mwenyewe alikuwa anachota tone kila siku ya kazi. Bi Hakika aliketi kwenye kiti cha maabara, akakasirika, na akafurahi pia, maana anayeshuku akipata alichokishuku hufurahi, hata kama kinamuumiza. Mtu alikuwa anamtilia maji. Mtu anayejua kemia kidogo, anayejua kwamba maji hukata shingo, anayeingia kwenye ujia ule kila siku na ambaye ufunguo wa friza unaning'inia kwenye msumari chumbani kwake.

Wiki ya pili ukungu ukaanza. Mzee Giza akimwonyesha picha kwenye kioo, nyuzi zilikuwa zimefifia, kama mtu anayetazama kupitia dirisha la bafu. "Leo hazijakaa sawa," mzee alisema, akageuza kitufe. Bi Hakika alimtazama yeye, hakuitazama picha.

Wiki ya tatu nyuzi hazikuwa nyuzi tena. Zilikuwa zimekatikakatika kuwa punje za mviringo, na kila aliyewahi kusomea kazi ile anajua maana yake: seli ile inateseka, inakufa. Mzee alipokwenda kunawa mikono, Bi Hakika akafungua daftari la hadubini. Wino wa bluu, mwandiko uleule mzuri. Mwezi uliopita, leza asilimia nne. Kisha saba. Kisha kumi na mbili, ishirini. Jana, asilimia thelathini. Alikuwa anazichoma seli kwa mwanga mkali, tena anaandika bila haya.

Sasa alikuwa na mambo mawili, maji na moto. Hakumuuliza mzee neno. Laiti angeuliza. Alipanda moja kwa moja kwa mkuu wa taasisi, akaweka mezani barua yenye kurasa mbili, kwamba mtunza hadubini anahujumu kazi yake kwa makusudi.

Mkuu alikuwa mtu wa kuogopa kelele. Alisoma, akafuta miwani, akasoma tena. "Mama, hili ni jambo zito. Mzee anastaafu mwakani. Likithibitika, anaondoka bila kitu, na jina lake limekwisha."

"Ninajua."

"Na una hakika?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo. "Ninayo," alisema.

Mchana uleule Mzee Giza akasimamishwa kazi kusubiri kikao baada ya siku kumi. Alipita kwenye ujia na sweta lake mkononi, na jua la dirishani likamfanya akunje uso, hakulizoea. Alipomfikia Bi Hakika alisimama kama anayetaka kusema kitu. Kisha akasema tu, "Seli zilizo kwenye kabati la joto zibadilishiwe maji kesho, dada, usisahau." Akaenda zake. Bi Hakika alitafakari usiku wote neno hilo lilikuwa na hila gani.

Yeye ndiye aliyepewa ufunguo wa friza. Aliutia kwenye mkufu wake wa shingoni, chini ya blauzi. Mkemia wa ghorofa ya chini naye akafungiwa mlango wa kuingilia ujia ule, kwa tahadhari. Na kila asubuhi, kwa kuwa kikao kilihitaji ushahidi kamili, Bi Hakika aliendelea kupima.

Siku ya nane tangu mzee aondoke, alikaa kuandaa hoja zake. Alitaka kitu cha kuwaonyesha wasio wakemia, kitu cha kuona kwa macho. Akachukua kibati chembamba kilichopakwa unga mweupe, akadondosha tone la rangi ya kichupani, na pembeni yake tone la rangi mpya aliyoichanganya muda huo kutoka kwenye unga mkavu uliobaki. Akakisimamisha kwenye glasi yenye kimiminika kidogo, kimiminika kikapanda kibatini taratibu kikivuta rangi. Rangi mpya ilipanda ikiwa doa moja. Ya kichupani ilijigawa mara mbili, doa dogo la mpelelezi mzima, na doa kubwa la taa isiyo na mkono. Shingo zilikuwa zimekatwa. "Haya," alisema peke yake. "Maji hayo."

Akafungua kijitabu chekundu achore mchoro wa jinsi kimo kilivyopanda, tarehe chini, kimo juu, na katikati apige mstari wa siku aliyoondoka mhalifu. Upande wa kushoto wa mstari rangi inapanda. Upande wa kulia inatakiwa itulie.

Haikutulia. Siku ya kwanza bila mzee, imepanda. Ya tatu, imepanda. Leo asubuhi, imepanda. Ufunguo ulikuwa kwenye mkufu wake, aliugusa, ulikuwa na joto la mwili wake. Mlango ulikuwa umefungwa. Hakuna binadamu aliyekigusa kichupa kile kwa siku nane ila mmoja.

Alikaa muda mrefu akiutazama mchoro. Alijaribu, na hili tuliseme bila kumficha, alijaribu kutafuta mtu mwingine: mfagiaji, mlinzi, mkuu mwenyewe. Halafu akainuka, akaenda kwenye friza, akakitoa kichupa na kukiweka mezani, na mara hii hakukifungua. Alikitazama tu. Baada ya dakika moja kilianza kutoa jasho. Matone madogo yakajikusanya kwenye kioo, kama kwenye chupa ya soda iliyotoka barafuni. Maji yalikuwa yanatoka hewani. Na kile kimiminika chake kisicho na maji kina kiu ya ajabu, kila mkemia anajua, ukikifungua kikiwa baridi kinakunywa unyevu wa hewa kama mgonjwa wa homa. Yeye mwenyewe alikuwa amewafundisha hilo vijana kwa miaka kumi na mmoja. Usifungue mpaka kipate joto la chumba. Usirudie kufungua. Gawa kwenye vichupa vidogo. Ilikuwa imebandikwa ukutani, kwa mwandiko wake, mita mbili kutoka aliposimama.

Kwa siku thelathini na moja alikuwa amekinywesha maji kwa mkono wake, kwa kukichungulia. Mganga hajigangi.

Nyumbani jioni ile hakula. Mumewe alikuwa amekaa sebuleni na kipande cha ngozi ya kiti, akifumua uzi uliokwenda upande.

"Nani leo?" mume aliuliza. Kwa kawaida Bi Hakika alikuwa na jina la kumtajia.

"Mimi."

Mume akaacha kufumua. Bi Hakika akamweleza yote, foili, kijiti, mchoro. Akatarajia utani. Haukuja.

"Nani mwingine anajua?" mume akauliza.

"Hakuna. Kijitabu ni changu. Barua haikusema napima kila siku. Nikikichoma hapo jikoni, hakuna atakayejua. Daftari la hadubini linaonyesha yeye ndiye aliyepandisha mwanga, na hilo ni kweli, alipandisha." Alisema haraka haraka, kama mtu aliyekuwa amelifikiria jambo hilo njia nzima.

"Na ukikipeleka?"

"Miaka kumi na mmoja inakwenda. Mkemia gani anatilia rangi yake maji? Wataniambia nikafundishe watoto wa shule. Na daktari anakwenda kwa mwenye ndevu."

Mume aliigeuza ile ngozi mapajani. "Mimi nikishona vibaya nafumua," alisema. "Inauma, maana matundu ya sindano yanabaki. Lakini sijawahi kumpelekea mteja kiti halafu nikamlaumu anayekikalia."

Alimchukia kidogo kwa kusema hivyo. Aliingia chumbani, akaweka kijitabu chini ya mto, akakitoa, akakitia kwenye mkoba, akaamka usiku kuhakikisha bado kimo mkobani.

Kikao kilifanyika kwenye chumba chenye meza kubwa na viti visivyofanana. Mkuu alikaa katikati, afisa utumishi pembeni na mafaili yake, na Mzee Giza upande wa pili amevaa shati lililopigwa pasi na tai, bila sweta, anaonekana mdogo. Mbele yake aliweka daftari la hadubini, amelishika kwa mikono miwili.

"Mama," mkuu alisema, "tueleze."

Bi Hakika akasimama. "Maji niliyatia mimi," alisema. Akafungua kijitabu chekundu na kuwasomea ukurasa kwa ukurasa, tarehe na saa na kimo, siku zote thelathini na moja. Akaweka kibati chenye madoa. Akaeleza kichupa kinavyotoa jasho. Hakujitetea. Alipofika mwisho alisema, "Mwanga aliupandisha kwa sababu rangi yangu ilikuwa mbovu. Nilimsingizia. Namwomba radhi, na naomba barua yangu ifutwe."

Afisa utumishi aliacha kuandika. Mkuu alifuta miwani muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akasema barua imefutwa, mzee anarudi kazini Jumatatu, na daktari ataombwa asubiri wiki tatu rangi nyingine itengenezwe. Kuhusu Bi Hakika, atapata onyo la maandishi. Ndiyo basi. Yeye alikuwa amejiandaa kufukuzwa, na onyo likamwangukia kama kitu chepesi kisichotosha.

Alimkuta Mzee Giza kwenye ujia, anafungua tai.

"Kaka."

"Naam."

"Ulijua rangi ni mbovu?"

"Nilijua wiki ya pili." Alikuwa anaisokota tai mkononi. "Nilidhani ni mkono wako, dada. Umri unakwenda, hata macho yangu si yale. Nikasema nimpandishie mwanga kidogo, apate picha za kumwonyesha daktari, asiaibike. Kila siku nilisema kesho itakuwa nzuri. Zile seli niliziona zinakufa. Iliniuma. Nikaandika, maana kuandika ndiyo kazi yangu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia rangi yako imeharibika, ungesema mimi ndiye niliyeiharibu." Alimtazama, bila hasira, na hilo ndilo lilikuwa baya. "Nikanyamaza. Na bado ukasema."

Mzee akamuaga kwa adabu, akashuka ngazi akishika ukuta.

Wiki tatu baadaye rangi mpya ilikuwa tayari, vichupa ishirini. Bi Hakika alikiacha cha kwanza mezani nusu saa nzima mpaka kipate joto, kisha akakipeleka nyuma ya pazia jeusi. Sweta la kahawia lilikuwa limerudi. Ila droo sasa zilikuwa na kufuli, tatu, mpya, zinametameta. Kwenye daftari la hadubini mzee alikuwa amepiga kwa rula safu mpya ambayo haikuwahi kuwepo.

"Nani amefungua kichupa?" aliuliza.

"Mimi, kaka. Sasa hivi, mbele yako."

"Andika. Na saa. Tia saini hapa."

Akatia saini. Mzee akaweka leza asilimia nne, akageuza daftari tena. "Na hapa, kwamba umeona ni asilimia nne." Akatia saini. Mzee akabonyeza, na nyuzi zikatokea kwenye kioo, nyembamba, safi, zikijongea polepole ndani ya seli, zikijinyoosha, zikiungana na kuachana. Hazikuwahi kuonekana vizuri namna ile katika miaka yote kumi na mmoja. Alimgeukia mzee aone atasema nini. Mzee alikuwa anasoma saini zake moja moja, kidole kikifuata mstari.

"Kaka, umeona?"

"Ziangalie wewe," alisema. "Mimi naandika ulichosema umekiona."

Alipoinuka kwenda kunywa chai alichukua kikombe chake, akachukua funguo zake, akalifunga daftari na kulitia kwapani, akatoka nalo. Bi Hakika alibaki peke yake kwenye baridi ya chumba kile, nyuzi zikitembea mbele yake, asijue amwambie nani kwamba zimeonekana.